Imeharibika au Imezuiwa? Uhakiki wa Printa na Kipanya vya Shangazi Yangu

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu yangu, nilikuwa sebuleni kwa shangazi yangu, Kawempe, nikiwa na kurasa 64 zilizokamilika kwenye kompyuta na printa isiyotaka kuzichapa. Tasnifu yenyewe ilihusu misemo inayoandikwa kwenye teksi na bodaboda za Kampala. Haikuwa na picha wala rangi. Ilikuwa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe tangu jalada hadi marejeleo. Katriji ya wino mweusi ilikuwa karibu kujaa, kwa maana Shangazi aliibadilisha wiki iliyotangulia. Hata hivyo, kila nilipobofya kitufe cha kuchapa, taa ndogo ya rangi ya machungwa iliwaka, na kwenye skrini kukatokea maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba wino wa samawati umekwisha na uchapaji hauwezi kuendelea mpaka katriji ibadilishwe.

Shangazi alitoka chumbani akiwa amejifunga leso, akasimama nyuma yangu.

"Imekufa?" aliuliza.

"Naona imekufa, Ssenga."

"Basi mimi ndiye nimeiua. Juzi nilichapa kadi za harusi za jirani, zile za maua ya buluu. Nisamehe, mwanangu."

Badala ya kumwambia kwamba hana kosa, nilimjibu kwa sauti nisiyopenda kuikumbuka kwamba angeniuliza kwanza kabla ya kuchapa mambo ya rangi. Mwanamke aliyenilipia ada ya muhula wa kwanza akarudi chumbani kimya. Makala haya nayaandika ili kulisahihisha jibu langu la usiku ule.

Wasomaji wa mkusanyiko huu wamezoea kuona wanafunzi wakihakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Huenda mhadhiri mmoja akauliza printa na kipanya vimeingiaje katika uhakiki. Jibu langu ni kwamba vifaa hivi navyo vina watunzi. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua kifaa kitafanya nini na kitakataa nini. Tena printa huzungumza: hutoa taarifa, huamuru, huonya. Kitu kinachozungumza kinaweza kuulizwa maswali yale yale tunayoulizwa katika mtihani wa fasihi: nani anasema, anamwambia nani, na ni jambo gani ambalo halisemi?

Hoja yangu nimeitoa katika darasa la sarufi. Tulifundishwa kwamba "kikombe kimevunjika" na "kikombe kimevunjwa" ni sentensi mbili tofauti, ingawa vipande vilivyoko sakafuni ni vile vile. Ya kwanza iko katika kauli ya kutendeka: inatuonyesha hali ya kikombe, na haituhimizi kumtafuta mtu. Ya pili iko katika kauli ya kutendwa: mtu yupo ndani yake hata kama hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" Mtoto aliyeangusha kikombe huijua tofauti hii kabla hajaanza shule. Mama akimuuliza, humjibu kwamba kimevunjika.

Nashikilia kwamba kipanya huharibika, lakini printa, mara nyingi, huzuiwa. Sisi tumezoea kusema kwamba vyote viwili vimeharibika. Kwa kusema hivyo tunamsamehe mtu ambaye hatujamwona, na lawama tunamwachia aliye karibu na mashine.

Nianze na kipanya, kwa sababu ndicho kipimo nitakachokitumia kuipimia printa. Jina lake tulilitafsiri kutoka Kiingereza. Waliokiita hivyo waliona waya wake unafanana na mkia. Wengine, hasa katika vitabu vya Kenya, hukiita puku, na huko Dar es Salaam neno kipanya limewahi pia kupewa mabasi madogo ya abiria. Kifaa chenyewe kilibuniwa na Douglas Engelbart katika miaka ya 1960, alipokuwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California. Mwenzake, Bill English, ndiye aliyeunda cha kwanza: kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya hadhira mjini San Francisco. Tangu siku hiyo umbo limebadilika sana, lakini ahadi ni ile ile: mkono ukisogea, kishale nacho kinasogea.

Kipanya cha Shangazi hakikutimiza ahadi hiyo kila siku. Kompyuta yake aliinunua ikiwa imeshatumika, nayo ilikuja na kipanya cha zamani chenye kijimpira chini. Kijimpira kikibingirika mezani, huzungusha vijiti viwili vidogo vilivyomo ndani, na mzunguko wa vijiti hivyo ndio unaoiambia kompyuta kishale kiende wapi. Tatizo ni kwamba kijimpira hukusanya vumbi, mafuta ya mikono na nyuzi za nguo, na uchafu huo hujiviringisha kwenye vijiti. Basi kishale kikawa kinakwama katikati ya skrini, kisha kinaruka hadi pembeni. Dawa yake aliijua hata binamu yangu wa miaka tisa: unakigeuza kipanya, unazungusha kifuniko, unatoa kijimpira, unakwangua uchafu kwa ukucha, unarudisha.

Kilipochakaa kabisa, tulinunua kingine, chenye mwanga mwekundu. Hiki hakina kijimpira. Ndani yake mna taa na kamera ndogo sana inayopiga picha za meza mara nyingi mno katika sekunde moja na kuzilinganisha, ili ijue mkono umeelekea wapi. Meza ya Shangazi ni ya kioo. Kioo kisafi hakina alama za kulinganishwa, kwa hiyo kishale kilitetemeka na kuzurura kama mlevi. Nilihangaika nusu saa nikidhani nimeuziwa kitu kibovu, mpaka Shangazi mwenyewe alipotandika ukurasa wa gazeti la Bukedde chini yake. Kikatulia papo hapo.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonikasirisha kuliko zote. Baada ya mwaka hivi, kitufe cha kushoto kikaanza kubofya mara mbili kila nilipobofya mara moja. Faili zikawa zinafunguka pasipo kutakiwa, na nilipotaka kuchagua neno, aya nzima ilikamatwa. Binamu mkubwa alikifungua kwa bisibisi. Ndani ya kitufe mna kibati chembamba kinachopinda na kurudi kila unapobonyeza. Kibati kikichoka, mguso mmoja husomeka kuwa miwili. Tulikinunulia mrithi kwa shilingi 15,000.

Kwa uhakiki wa haki, watunzi wa kipanya hawakosi lawama. Skrubu iliyokifunga ilikuwa imefichwa chini ya kibandiko, kana kwamba hawakutaka tuione. Kitufe kilikuwa kimelehemewa, kwa hiyo mtu asiye fundi hawezi kukibadilisha. Lakini tazama namna kasoro zote tatu zilivyojionyesha. Uchafu tuliuona kwa macho. Kioo tulikigundua kwa kujaribu. Kibati kilikuwa kimechoka kweli. Hakuna mahali kipanya kilipotuambia kwamba kinaweza kufanya kazi ila hakitafanya. Na kilipokufa, kipya tulikinunua kwenye kibanda chochote, cha kampuni yoyote, nacho kikakubaliana na kompyuta bila kuuliza kimetoka wapi. Mtunzi wa kipanya akishakiuza, anaondoka. Kinachobaki mezani ni chako, pamoja na ubovu wake.

Sasa tuitazame printa. Shangazi aliinunua kwa zamu yake ya pesa za kikundi cha akina mama, shilingi 280,000. Nia yake ilikuwa kupata kipato kidogo nyumbani. Majirani wana barua za kuomba kazi, shule ndogo zina mitihani ya kuchapwa, makanisa yana ratiba za ibada, na harusi hazina mwisho. Alitoza shilingi 300 kwa ukurasa mweusi na 1,000 kwa ukurasa wa rangi. Kwa miezi miwili biashara ilikwenda vizuri. Kisha wino uliokuja na mashine ukaisha, naye akagundua kwamba katriji nne mpya za kampuni iliyoiunda zinagharimu shilingi 190,000. Yaani akizibadilisha mara mbili, atakuwa ametumia pesa nyingi kuliko bei ya printa yenyewe.

Hesabu hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Ni namna ya biashara inayojulikana: mashine huuzwa kwa bei ndogo, na faida hutafutwa katika kile ambacho mashine italazimika kula maisha yake yote. Kama ingekuwa hivyo tu, nisingeandika makala. Mnunuzi angelinganisha bei na kuamua. Shida inaanza pale mashine inapoundwa ili imzuie kulinganisha.

Katika printa nyingi za wino, wino hutoka kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele. Aina nyingi zina vihita vidogo vinavyouchemsha wino kwa muda mfupi mno. Kipovu kinatokea, nacho kinasukuma tone kwenye karatasi. Huu ni ustadi mkubwa na sina budi kuusifu. Lakini vitundu hivyo hukauka mashine isipotumiwa, ndiyo maana printa hujisafisha kwa kusukuma wino nje. Wino huo wa kujisafishia hauendi kwenye karatasi ya mteja yeyote. Unamwagwa ndani kwenye sponji, na Shangazi ndiye aliyeulipia. Katika baadhi ya printa, hata sponji hiyo ina hesabu yake: mashine inapokadiria kwamba imejaa, inasimama na kudai ipelekwe kwa fundi.

Zaidi ya hayo, kila katriji ya printa ile ina chipu. Chipu hiyo hutunza makadirio ya wino uliobaki, na humwambia printa katriji imetoka kwa nani. Shangazi aliwahi kununua katriji ya bei nafuu katika maduka ya Nasser Road, ambako nusu ya Kampala huenda kuchapisha vitu vyake. Printa ilimwambia kwamba haiitambui. Wino ulikuwemo, vitundu vilikuwa safi, karatasi ilikuwa imepangwa. Kilichokosekana ni ruhusa.

Tukirudi kwenye usiku wa tasnifu, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wino mweusi ulikuwepo. Kazi ilihitaji wino mweusi peke yake. Lakini printa ile ilikuwa imeundwa isichape chochote mpaka katriji zote nne ziwe na wino kwa mujibu wa chipu zao. Wiki moja baadaye niliichukua katriji ile ya samawati iliyoitwa tupu nikaipasua kwa kisu. Sponji yake ilikuwa bado imelowa. Vidole vyangu vilibaki na rangi ya buluu kwa siku tatu, na kila aliyeniuliza darasani nilimwambia kwamba huo ndio wino uliokwisha.

Watetezi wa printa wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Wanasema kwamba vihita vikifanya kazi bila wino vinaweza kuungua, kwa hiyo ni busara kuacha akiba kidogo. Hilo ni kweli. Wanasema pia kwamba baadhi ya mashine huchanganya rangi nyingine ili weusi uonekane mzito zaidi. Hilo nalo ni kweli. Wengine huongeza kwamba wino usio wa kampuni unaweza kuziba vitundu, na bila shaka wino mbaya upo. Lakini hoja zote tatu zinafaa kuwa onyo, zisiwe kufuli. Printa ingeweza kusema: "Wino wa samawati ni mdogo, nikichapa kwa weusi peke yake, maandishi yatapauka kidogo. Niendelee?" Shangazi angejibu ndiyo. Mtunzi aliyeamini kwamba mashine ni ya Shangazi angemwachia swali hilo. Tena zipo printa za matangi, ambazo mtu hujaza wino kutoka kwenye chupa. Bei yake ya mwanzo ni kubwa zaidi, lakini kuwepo kwake kunaonyesha kwamba kufuli halikuwa sharti la ufundi.

Mgogoro huu una historia ndefu kuliko umri wangu. Mnamo mwaka 1980 hivi, mwanaprogramu Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani. Maabara ilipewa printa mpya ya leza kutoka Xerox, na karatasi zilikuwa zikikwama mara kwa mara. Kwa printa iliyotangulia, wao wenyewe walikuwa wameirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Safari hii hawakuweza, kwa sababu hawakupewa msimbo wa programu ile. Stallman alimwendea mtafiti mmoja wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akamwomba nakala, naye akakataa kwa kuwa alikuwa ameahidi kutoutoa. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao ni miongoni mwa misingi ya programu huria tunazozitumia leo. Kisa hicho cha printa amekisimulia mara nyingi kuwa ndicho kilichomfungua macho.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba Stallman hakuishia kusema karatasi zimekwama. Kukwama, kama kauli ya kutendeka, hakumtaji mtendaji, na mashine yoyote hukwama. Aliuliza nani amenizuia kuirekebisha. Hapo alitoka kwenye kutendeka akaingia kwenye kutendwa, na swali lake likapata mtu wa kujibu.

Mahakama nazo zimeulizwa swali la namna hiyo. Tarehe 30 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kati ya Impression Products na Lexmark. Lexmark ilitaka kutumia haki zake za hataza kuwazuia wengine kujaza upya na kuuza katriji zake zilizokwisha kutumika. Mahakama ikasema kwamba kampuni ikishaiuza katriji, haki zake za hataza juu ya katriji hiyo zimekoma, hata kama iliuzwa nje ya Marekani. Ni hukumu nzuri kwa mnunuzi, lakini ilihusu hataza. Haikuamuru chipu ziondolewe, na chipu haihitaji mahakama ili ikatae.

Hapo ndipo lugha inaporudi. Ujumbe uliotokea kwenye skrini usiku ule, ukiufanyia tafsiri ya kawaida, utasomeka hivi: "Wino umekwisha. Uchapaji hauwezi kuendelea. Tafadhali badilisha katriji." Tuuchambue kama tunavyochambua mazungumzo ya mhusika katika tamthilia. Sentensi ya kwanza si kweli, kama vidole vyangu vilivyoshuhudia. Ni makadirio yaliyovishwa nguo ya uhakika. Sentensi ya pili inasema "hauwezi", na kiima chake ni uchapaji. Lakini jambo lenyewe halikuwa la uwezo, lilikuwa la ruhusa. Sentensi aminifu ingekuwa "hatukuruhusu kuendelea", na hapo msomaji angeuliza mara moja: ninyi ni akina nani, na mmeingiaje sebuleni kwangu? Sentensi ya tatu ina adabu, ila ndiyo pekee yenye mtendaji anayejulikana, naye ni wewe. Katika ujumbe wote, mtu mmoja tu ndiye anayetakiwa kutenda, kulipa na kujirekebisha. Ndiyo maana Shangazi, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni, aliuelewa vizuri kuliko mimi mwenye shahada njiani. Aliuelewa kwamba unamlaumu yeye.

Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Baadhi yetu tutaajiriwa kutafsiri ujumbe wa namna hii. Kazi hiyo ilishaanza kabla yetu: mwaka 2004, kwa mfano, watafsiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu ilikuwa programu huria. Nimesikia mijadala mingi darasani kuhusu kama tuseme printa au kichapishi, kipanya au puku, kompyuta au tarakilishi. Mijadala hiyo ina nafasi yake. Lakini ningependa tutumie muda zaidi kujadili vitenzi kuliko nomino. Nomino ikikosewa, msomaji atacheka na kuelewa. Kitenzi kikichaguliwa ili kumficha mtendaji, msomaji atajilaumu, na hatajua kwamba ameonewa. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendeka na ya kutendwa zikiwa zimetenganishwa wazi na viambishi. Itakuwa aibu tukizitumia kufunika kile ambacho zinaweza kufunua.

Nakiri kwamba hoja yangu ina mipaka. Printa nazo huharibika kikweli: meno ya plastiki huvunjika, vitundu huziba, panya halisi hutafuna waya. Na wapo watumiaji wanaoua mashine kwa mikono yao wenyewe. Nimeona mtu akichomoa karatasi iliyokwama kama anayeng'oa muhogo. Sisemi kila kero ni njama. Nasema tu kwamba kabla ya kutamka "imeharibika", tuulize kama kuna kitu kilichochoka, kilichochafuka au kilichokatika. Kama hakipo, tutafute kitenzi kingine.

Asubuhi ile niliamka saa kumi na moja, nikachukua flashi, nikapanda teksi hadi Wandegeya. Katika kibanda cha kwanza kilichofunguliwa, dada mmoja alinichapia nakala tatu kwa mashine ya leza iliyochakaa hadi namba za vitufe zimefutika. Kurasa 192 kwa shilingi 200 kila moja zilikuwa shilingi 38,400. Nauli ya wiki nzima ilikwisha hapo. Nikawasilisha kabla ya saa sita mchana, na kwa upande wangu mambo yakaishia salama.

Kwa upande wa Shangazi hayakuishia hapo. Niliporudi Jumamosi, nilikuta printa imefunikwa kitambaa cha mezani, na juu yake pamewekwa redio. Wateja waliokuja aliwaambia kwamba imekufa, kwamba yeye ndiye aliyeiua kwa kutojua. Watoto walikatazwa kuisogelea. Mama aliyepanga kujilipia kodi kwa kuchapa barua za majirani alikuwa amejihukumu mjinga mbele ya kimashine cha plastiki, na mimi nilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Nilitafuta kitabu cha maelezo cha printa ile kwenye intaneti. Katika ukurasa mmoja, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maelezo kwamba mashine haitachapa ikiwa katriji yoyote ya rangi imekwisha, hata kwa kazi ya maandishi meusi. Niliuchapisha ukurasa huo Wandegeya kwa shilingi 200, nikampelekea. Nilimsomea kwa Kiswahili, kisha kwa Kiganda, mstari kwa mstari. Nilimweleza kuhusu chipu, nikamwonyesha sponji ya samawati niliyokuwa nimeihifadhi katika mfuko wa nailoni.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Ssenga. Na mimi nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliinuka, akaishusha redio, akakunja kile kitambaa. Tangu hapo ameanza kuweka akiba tena katika kikundi, safari hii kwa ajili ya mashine ya leza ya rangi nyeusi tu, na kabla ya kuuliza bei ya mashine huuliza kwanza bei ya wino wake.

Majuzi nilikuwa pale alipokuja kijana na barua yake ya kuomba kazi. Aliiona printa mezani, akauliza kama imekufa. Shangazi akamwambia, "Haijafa. Imezuiwa." Kijana akauliza, "Na nani?" Shangazi akamvutia kiti, akaenda kabatini kuchukua ule ukurasa.